Sisemi Tuko Wangapi

Mtu akiniuliza kwetu tumezaliwa wangapi, namjibu kwamba tuko. Akizidi kudadisi namwambia tuko wengi, tumejaa, na kama anataka kutupikia apike tu sufuria kubwa. Watu wa Nairobi hucheka wakidhani ninafanya utani. Sifanyi utani. Kwetu huku kando ya ziwa unaweza kuhesabu magunia, unaweza kuhesabu mabati, lakini watoto wa mwanamke huwanyooshei kidole, huyu wa kwanza, huyu wa pili, kana kwamba unawapiga mnada. Ukihesabu, kuna kinachosikia, na kikisikia kinapunguza. Hivyo ndivyo nilivyolelewa Kisumu mjini, ingawa nilipofika chuo cha ualimu nilijifanya nimesahau, maana pale tulifundishwa saikolojia na tukaona tumeendelea.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi karibu na Luanda Kotieno, pale feri ya Mbita inapopakia watu. Muhula uliotangulia nilikuwa nimeanguka mazoezi hayo hayo. Mkaguzi aliyetumwa na chuo aliandika kwamba Kiingereza ninakijua, ila sifuati mpango wa somo na ninagombana na wanafunzi. Kugombana! Nilimwambia mvulana mmoja kwamba kama amekuja kulala angebeba na mto, basi. Ndiyo kugombana huko? Nikapewa nafasi ya pili, na nikaambiwa waziwazi kwamba ya tatu haipo. Nikifaulu siku hiyo, mimi ni mwalimu. Nikianguka, ninarudi kwa mama yangu mikono mitupu.

Somo nililopangiwa lilikuwa la darasa la nne, kitenzi cha Kiingereza kiitwacho have. Usikidharau kwa ufupi wake. Kina kazi nyingi kama sufuria ya kapera. Mwingereza akiwa na kalamu ni have, akinywa chai ni have, akioga ni have, akiumwa na kichwa ni have tena. Akilazimika kuondoka, have ndiyo inayomlazimisha. Akishamaliza kula, kula peke yake hakutoshi, sharti have itangulie mbele kama askari wa pikipiki mbele ya gari la mkubwa. Halafu akija mtu mmoja anayesemwa pembeni, hicho kitenzi kinabadilika kuwa has, na jambo likishapita kinakuwa had. Watoto wa darasa la nne wanatakiwa wameze yote hayo kabla ya kengele ya mapumziko.

Sisi hatuna kitu kama hicho. Ukisema kwa Kiswahili nina kalamu, umesema uko na kalamu. Kijaluo vilevile, an gi kalam, mimi na kalamu tuko pamoja, na yeyote kati yetu anaweza kuinuka akaenda zake. Mwingereza yeye ameshika, haachii. Nilikuwa nikiipenda sana tofauti hiyo na nilitamani watoto waionje, lakini mpango wa somo hauna nafasi ya kuonja. Una hatua. Hatua ya kwanza vitu vya mkononi, ya pili nguo, ya tatu mifugo, na ya mwisho ndugu, yaani una kaka wangapi: How many brothers do you have? Mtoto ajibu kwa sentensi kamili na namba ndani yake. Nilikuwa nimeinakili kutoka kiongozi cha mwalimu kama kila mtu alivyonakili, na nakala moja ilikuwa imeshakwenda kwa mkaguzi. Wakati ninaandika sikuona neno lolote la kunitisha. Yalikuwa maneno ya kitabu tu.

Alasiri ya kuamkia siku ya mtihani nilishuka ufukweni kununua samaki. Kulikuwa na mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, ambaye kila wiki alipeleka magunia yake soko la Kisumu, na kwa kuwa simu haikuwepo, yeye ndiye aliyekuwa simu yangu na mama yangu. Siku hiyo aliponiona hakunitania kama kawaida yake. Alinivuta kando ya nyavu walizoanikia omena.

"Nyara," akaniita, binti yangu, "mdogo wako yule wa mwisho wamemlaza hospitali. Ni malaria ya kichwa. Nilipoondoka alikuwa bado hajafungua macho."

"Woi! Mama yuko na nani huko?"

"Yuko peke yake. Na amesema hivi, nikwambie vile vile alivyosema: usije. Fanya mtihani wako, umalize, ndiyo uje."

Nilitaka kuondoka saa ile ile. Mdogo wangu huyo nilimbeba mgongoni mimi, mama akiwa sokoni, mpaka watu wakawa wananiuliza kama ni wangu. Lakini basi la jioni lilikuwa limekwisha kuondoka, na neno la mama yangu si la kuchezea. Nikarudi chumbani kwangu na samaki ambaye sikumpika. Nikachukua mpango wa somo nikaanza kuusoma, na nilipofika hatua ya mwisho nikakwama. How many brothers do you have. Ghafla yale maneno ya kitabu yalikuwa na masikio. Unaweza kusoma saikolojia mpaka uchoke, lakini siku mtu wako amelala hospitali ndipo unapojua unaamini nini.

Niliwaza kuifuta hatua ile. Ningeifuta kwa mkono gani? Nakala ilikuwa kwa mkaguzi, na mimi ndiye yule yule asiyefuata mpango. Nikajiambia nitaburuza somo, nitakaa kwenye mbuzi na ng'ombe mpaka kengele ilie.

Mkaguzi, yule yule aliyeniangusha, alifika asubuhi na gari la chuo, mtu wa makamo, tai imekaza shingo, mkoba wa kahawia. Hakuwa mtu wa ziwa, alitoka juu huko kwenye baridi. Akanisalimia vizuri. Akaenda akakaa dawati la nyuma kabisa, magoti yakimgusa kidevu, akafungua nakala yake na kuiweka mapajani. Dawati lenyewe lilikuwa la mtoto na mtu mwingine angecheka, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile nakala.

Nilianza. Na niseme ukweli, nilifundisha. Nilikuwa nimewazoeza watoto mchezo mmoja: mmoja akisimama akasema chake, darasa zima linamjibu kwa kumtaja yeye. Mvulana akiinua kalamu na kusema, "I have a pen," wenzake wanapiga kelele, "He has a pen!" Msichana akisema ana rula, "She has a ruler!" mpaka mabati yanatetemeka. Kwa hiyo have na has ziliingia vichwani mwao bila mimi kutaja neno kanuni. Tulipofika kwenye mifugo walikuwa wamepamba moto. Mtoto mmoja akasema ana mbuzi kumi, jirani yake akamkatalia kwamba huyo hana hata kuku, darasa likaangua kicheko, na nikamwona mkaguzi naye anatabasamu huku akiandika. Nikaendelea na mbuzi. Nikaenda kwa kondoo, nikaenda kwa punda, ingawa eneo lile lote sikuwahi kuona punda wa maana.

Mkaguzi akatazama saa. Akatazama nakala yake. Halafu akagonga dawati kwa kalamu, polepole, akanionyesha ukurasa.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamgeukia msichana wa dawati la mbele, mwerevu kuliko wote, ambaye hajawahi kunikosea jibu.

"How many brothers do you have?"

Akasimama. Akaangalia vidole vya miguu yake. "I have brothers," akasema.

"How many?"

"I have brothers, Madam."

Akakaa kabla sijamruhusu. Na lile darasa lililokuwa linatetemesha mabati likanyamaza kimya, hata ukasikia wanawake wakigeuza omena nje. Nikamwita wa pili, naye ana sisters. Nikamwita yule mvulana mtundu wa mbuzi kumi, aliyekuwa hajui kunyamaza hata akiwa mgonjwa. Akaangalia dirishani.

"I have sisters, Madam. They are there."

Wako. Alinijibu kwa Kiingereza vile vile ambavyo mama yake angemjibu mgeni kwa Kijaluo. Watoto wote wale walikuwa wanajua kuhesabu, tena vizuri, na hakuna mmoja aliyekubali. Sikuwakasirikia. Nilijikasirikia mimi, na kitabu, na aliyekiandika akiwa amekaa mahali watu wanapohesabu watoto wao kama vikombe.

Mkaguzi akainuka kutoka kwenye kile kidawati. Akaja mbele, akasimama karibu na ubao, akaongea kwa upole kabisa.

"Madam, hawajaelewa kinachotakiwa. Wape mfano wako mwenyewe." Kisha akageukia darasa ili wasikie, akaniuliza kwa Kiingereza safi, "How many brothers do you have?"

Yawa! Namba ilikuja ikakaa kwenye ulimi. Ni neno moja tu, dogo, hata halijazi mdomo. Ningelitoa, ningekuwa mwalimu. Nikamwona mdogo wangu kwenye kitanda cha hospitali, macho yamefungwa, na mama ameketi pembeni amenyamaza, na nikaona nikitaja namba hapa kitu fulani kule kinageuza kichwa kusikiliza. Ni ujinga? Sema ni ujinga. Chaki ikanidondoka.

"I have brothers, sir," nikasema.

Akaniangalia. Akarudia, na safari hii aliweka kalamu mfukoni, jambo ambalo mpaka leo linaniambia kwamba alitaka nifaulu.

"How many brothers do you have, Madam?"

"I have brothers."

Hapo darasa likalipuka. Sikuwaashiria, naapa, hata mkono sikuinua. Walifanya tu nilivyowazoeza, lakini hawakuwahi kufanya kwa nguvu namna ile, wengine wamesimama juu ya viti: "She has brothers! She has brothers!" Msichana wa mbele alikuwa analia huku anapiga kelele. Machozi yakanijia na mimi, nikageukia ubao nikajifanya ninafuta.

Kengele ilipolia nilimsindikiza mkaguzi mpaka kwenye gari.

"Unajua nitaandika nini," akasema.

"Najua."

"Darasa umelishika vizuri kuliko mara ya kwanza. Ndiyo maana sielewi. Hatua moja tu ilibaki, na jibu lenyewe ni namba tu."

"Mdogo wangu yuko hospitali," nikamwambia. "Hajafungua macho."

"Pole sana. Kwa moyo wote, pole." Akafungua mkoba, akaingiza karatasi zake. "Lakini namba haimfikii mgonjwa, Madam. Wewe ni mtu umesoma."

Hapo kinywa changu kikaniponyoka, kile kile kilichoniangusha mara ya kwanza. "Basi taja ya kwako, Bwana. Una watoto wangapi?"

Akafungua mdomo. Nilimwona kabisa akiufungua. Halafu akacheka kidogo, akatazama ziwani, akafunga mkoba na kuingia garini bila kusema neno. Akaenda akaniangusha. Nusura nilichukue jiwe nilitupie lile gari, na sikulitupa kwa sababu watoto walikuwa wanachungulia dirishani.

Nilifika Kisumu jioni, moja kwa moja mpaka hospitali, nguo zangu bado zina vumbi la chaki. Wodi ya watoto ilikuwa imejaa, kila kitanda kimelaza wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule. Mama yangu alikuwa chini sakafuni, ameegemea mguu wa kitanda, khanga imemzunguka mabegani. Kabla sijauliza akaninyooshea kidevu kuelekea kitandani. Mdogo wangu alikuwa amelala, lakini usingizi wa mtu, mdomo wazi, jasho kwenye pua.

"Ameamka asubuhi," mama akasema. "Ameomba uji. Ameukataa, akasema hauna sukari."

Nilikaa palepale sakafuni nikalia kama mtoto. Asubuhi! Labda saa ile ile mimi nimesimama mbele ya ubao. Mama akaniacha nilie, halafu akaniuliza swali lililokuwa limemkaa moyoni.

"Na mtihani?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, watoto walivyokataa, yule bwana alivyosimama mbele akaniuliza mimi, nilivyojibu mara mbili bila kutaja. Sitaficha, nilisimulia nikiwa na kiburi kidogo ndani ya machozi. Nilidhani ataniambia nyathina, mtoto wangu, umefanya vizuri, umemlinda mdogo wako. Nilidhani ni yeye aliyenifundisha, na sasa atanisifu.

Akanitazama kana kwamba nimemletea maiti.

"Umeanguka kwa ajili ya hiyo?"

"Mama, ningesemaje? Na yeye amelala hivi?"

"Ungesema!" Mama wa kitanda cha pili akageuka. Mama yangu akashusha sauti, lakini hasira haikushuka. "Ungesema tu, nyathina. Miaka yote nimekusomesha, ungesema."

"Wewe ndiye uliyetukataza!"

Akavuta khanga. Aliponiangalia tena hasira ilikuwa imeondoka, na uso wake ukawa wa mtu mzee, kitu ambacho sikuwahi kukiona kabla ya siku ile.

"Nilipomleta hapa alikuwa anatetemeka mgongoni kwangu kama kuku aliyechinjwa," akasema. "Nikafika dirishani. Yule nesi akaniuliza, mama umezaa wangapi, walio hai ni wangapi. Nikamwambia wako. Akaniuliza tena. Nikamwambia Mungu amenipa. Akasema, mama, watu wamejaa hapa, jibu ama upishe wengine."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu."

"Ulitaja?"

"Nilitaja. Wote. Kwa sauti, maana alisema hanisikii." Akaitaja ile namba tena palepale wodini, mbele yangu, namba ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake tangu nizaliwe, na ambayo hata hapa siiandiki. Nikamtazama mdogo wangu upesi. Alikuwa anapumua.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Nikawaza, kama kuna anayesikiliza, basi asianzie kwa huyu, huyu ameshachoka." Akanyoosha mkono, akanifuta vumbi la chaki kwenye shavu kwa kidole gumba. "Ndiyo maana nikaanza kuhesabu kwako wewe."

Mdogo wangu akageuka usingizini akatupa blanketi kwa miguu, nikainuka nikamfunika.